Aliuliza Mvua Tu

Kitu cha kwanza nilichokiona asubuhi ile kilikuwa unyusi wa mjomba. Wa kulia ulikuwa umebaki nusu, kama ulionyolewa na kinyozi anayesinzia. Nilikuwa namimina chai kabla ya kwenda shule, kama kila siku. Mama alikuwa anakata mkate, na mdogo wangu alikuwa anakohoa mkekani. Nje hatukuweza kuiona hata nyumba ya jirani kwa moshi. Kilima cha nyuma ya kijiji kilikuwa kinaungua tangu jana yake mchana.

Mjomba alikuwa ameivuta kofia yake mpaka machoni.

"Kofia ya nini mezani, kaka?" mama alimuuliza. "Unasubiri kupigwa picha?"

"Nimeunguzwa na jiko," mjomba alijibu, ingawa hakuna aliyemuuliza habari za moto.

"Jiko lipi? Wewe hata maji ya kuoga unachemshiwa!"

Mama alianza kucheka. Kisha akautazama ule unyusi, akatazama moshi mlangoni, kicheko kikakatika. Akarudi kukata mkate ambao ulikuwa umeshakatwa wote.

Mjomba aliwasha redio. Kwa kawaida kusikiliza utabiri ilikuwa kazi yangu, kila jioni, halafu namwambia yeye, maana shamba lilikuwa lake. Mtangazaji alisema moshi wa moto wa msituni utaendelea kutanda mabondeni kwa siku mbili, na watoto wadogo, wazee na wagonjwa wa pumu wabaki ndani. Mvua iliyotarajiwa jana ilipita pembeni, lakini manyunyu mengine yanakaribia kutoka magharibi, yatafika keshokutwa alasiri. "Chanzo cha moto," akamalizia, "bado hakijajulikana."

Mjomba akaizima redio kabla ya wimbo.

"Unaniangalia nini, Bubu?" aliniuliza.

Bubu ndilo jina alilonipachika kwa sababu nilikuwa mtoto wa kunyamaza. Alipenda kuniita hivyo mbele za watu, na watu walipenda kucheka. Nilichukua begi langu nikaenda shule.

Nilipokuwa narudi, nilipita kwenye mashine ya kusaga. Watu walikuwa wamejifunga vitambaa vilivyoloweshwa maji puani, lakini midomo ilikuwa inafanya kazi. Nilimsikia mjomba kabla sijamwona.

"Ni mrina asali! Mtu anatembea na moto kwenye kopo kila siku, mnataka ushahidi gani tena?"

"Kweli," walisema wengine. "Na si mtu wa hapa. Ahame!"

Mrina asali alikuwa mtu mpole aliyehamia kijijini miaka mitatu nyuma. Kopo lake lilikuwa la kufukiza nyuki, na kila alipomaliza kazi alilizamisha kwenye ndoo ya maji. Sisi watoto tulikuwa tunasimama kusikia linavyolia *chwiii*. Nilihisi hasira inanipanda kifuani, ikanibana kuliko ule moshi.

Nyumbani nilimwambia mama, "Mjomba ndiye aliyechoma. Tazama unyusi wake."

"Nyamaza. Yule ni ndugu yangu wa tumbo moja. Unataka wampige?"

"Na mrina asali je, mama? Wakimpiga yeye?"

"Mrina asali si wetu," alisema, akanipa mgongo.

Usiku huo sikula. Nilimkasirikia mjomba, nikamkasirikia mama, na kila mdogo wangu alipokohoa hasira yangu iliongezeka.

Siku ya tatu, alasiri, mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano uwanjani, mbele ya mashine. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti isiyohitaji spika. Mrina asali alisimama katikati na kipande cha mzinga kilichoungua, akakiweka chini.

"Mizinga yangu ishirini na mitatu ilikuwa kilimani," alisema. "Mtu mwenye akili timamu anachoma riziki yake mwenyewe?"

"Moto ulikuponyoka, sema tu!" mjomba alipaza sauti kutoka nyuma, chini ya kofia yake. Watu wakacheka.

"Wengi wanataka uhame kabla ya Jumapili," mwenyekiti alimwambia mrina asali. Akatutazama. "Kuna mwenye neno?"

Miguu yangu ilisimama kabla mimi sijaamua.

"Mjomba," nilisema, "vua kofia."

"Ee! Bubu kasema!" mtu mmoja alicheka.

"Vua kofia!" Safari hii nilipiga kelele mpaka koo likaniuma. "Jiko la nyumbani nawasha mimi, kila siku. Halijawahi kumuunguza mtu unyusi!"

Mwenyekiti akamwendea mjomba, akamvua ile kofia kwa mkono wake. Hakuna aliyecheka tena.

"Nilikuwa nachoma mabua shambani," mjomba alisema, akitazama chini. "Nilijua mvua inakuja jioni, itauzima moto. Upepo ukaja kwanza. Muulizeni Bubu, yeye ndiye aliyeniambia mvua!"

"Usimtupie mtoto!" mwenyekiti alifoka. "Kiberiti kilikuwa mkononi mwa nani?"

Aliamua palepale. Mjomba atatengeneza mizinga ishirini na mitatu kwa mikono yake, na kuanzia siku ile hakuna atakayechoma shamba bila kuwaita majirani na ndoo zao. Mjomba alimnyooshea mrina asali mkono, akamwomba samahani.

"Samahani yako nimeisikia," mrina asali alisema. "Mizinga nitaipokea. Mkono, bado."

Akanigeukia mimi, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Asante, mwanangu."

Ndipo tone la kwanza liliponiangukia kichwani. Manyunyu yalikuwa yamefika, mepesi, yananukia majivu. Hakuna aliyekimbia.

"Watoto, sikilizeni," mwenyekiti alisema huku maji yanamtiririka usoni. "Moto ukikuponyoka, piga yowe palepale. Ule ulikuwa moto wa kuzimwa na ndoo kumi. Mwenzetu alikimbia kuficha unyusi, akaacha kilima kiteketee, halafu akamtwika mwingine mzigo wake. Kosa liseme likiwa bado dogo. Na huyu binti, asiitwe Bubu tena. Amesema kweli yote."

Watu walipiga makofi. Mama alikuwa analia, akanivuta kwake.

Lakini haikuwa kweli yote.

Jioni ya siku moja kabla ya moto, redio ilisema upepo mkali utatangulia mvua, na mtu yeyote asiwashe moto shambani. Nilisikia kila neno. Nilitoka kwenda kumwambia mjomba, nikamkuta na rafiki zake. "Bubu," alisema, "fungua mdomo tuone kama una ulimi. Mvua lini?" Wakacheka. Nilijua mabua yamekauka na anangoja mvua ayachome. Nikajibu, "Kesho jioni," nikageuka. Moyoni nikasema: ameuliza mvua tu, upepo hakuuliza.

Mrina asali, ulinishukuru kwa mikono miwili. Upepo niliujua, nikaunyamazia kwa hasira. Nisamehe.