Nani Mwenye Bwawa la Sage Hollow?

Marisela Archuleta aliendesha basi la shule. Alikuwa mwanamke mwema, lakini subira hakujaliwa. Kila alfajiri alimwandalia baba yake kahawa na burito, ile chapati iliyoviringishwa, ya maharage na pilipili ya kijani, kisha akatoka mbio.

Baba yake, mzee Eusebio, alikuwa amepigwa na kiharusi. Mguu wa kushoto ulikuwa mzito. Nchi kavu alijikokota kwa gongo. Lakini ndani ya bwawa la kuogelea la mtaa wao wa Sage Hollow, maji yalimbeba, naye alitembea peke yake. Kiangazi kilichopita alianza na hatua nne. Kilipokwisha, alikuwa anavuka bwawa zima. Kisha baridi ya Colorado ikaja, bwawa likafungwa, na mguu ukaanza kusahau.

"Arudi majini mapema," daktari alimwambia Marisela. "Akikosa kiangazi hiki, mtaanza kutafuta kiti cha magurudumu."

Basi wote wawili wakawa wanahesabu siku. Mwezi wa Mei ukafika. Siku moja Marisela akapita kwenye geti la bwawa, akakuta karatasi: PAMPU IMEHARIBIKA. BWAWA HALITAFUNGULIWA MPAKA MTAKAPOTANGAZIWA. Chini lilikuwepo jina la Harlan Quigley, mwenyekiti wa bodi.

Damu ilimchemka. Papo hapo akatoa simu, akaandika kwenye ukurasa wa mtaa: "Harlan Quigley na bodi yake ni wezi wa kodi zetu!" Majirani sitini wakamuunga mkono. Akajisikia vizuri kwa muda wa nusu saa hivi.

Siku chache baadaye akaenda ofisi ya mji na karatasi yenye saini mia moja. Karani akaisoma, akaikunja vizuri, akamrudishia.

"Dada, bwawa hilo si letu. Hata bustani na taa za njia ya miguu za huko kwenu si zetu."

Akaenda kwenye chama cha wenye nyumba. "Aa, sisi ni rangi za nyumba na urefu wa nyua tu," wakamwambia. "Na kwa kuwa umekuja mwenyewe, ua wako umezidi urefu."

Akarudi nyumbani amevimba kwa hasira. Jirani yake, Bi Nadine Sorensen, alikuwa anapunguza matawi ya waridi. Bi Nadine alikuwa mama mtu mzima, karani mstaafu, tena mcheshi.

"Mbona umenuna hivyo, mwanangu?"

"Bwawa, Bi Nadine! Kila ninayemuuliza ananiambia si lake. Sasa ni la nani? La malaika?"

"Ni lako," Bi Nadine akasema. "Hebu niletee ile karatasi ya kodi ya nyumba."

Marisela akaileta. Bi Nadine akaweka kidole kwenye mstari mmoja. Palikuwa pameandikwa: Halmashauri Maalumu ya Sage Hollow.

"Umeshawahi kuusoma mstari huu?"

"Mimi nasoma pale chini tu, penye jumla. Nikishapiga kelele, nalipa."

Bi Nadine akacheka. "Kama wote. Sasa sikiliza. Mtaa huu ulipojengwa, mji ulisema hauwezi kutujengea bwawa wala bustani. Basi ikaundwa halmashauri maalumu. Ni serikali ndogo, ya mtaa wetu peke yake. Ilikopa, ikajenga. Kila nyumba inachangia kupitia kodi. Fedha hizo zinalipa mkopo, zinalipa walinzi wa bwawa, zinamwagilia majani ya bustani. Haziruhusiwi kwenda kwingine."

"Na nani anaamua?"

"Bodi ya watu watano. Wanachaguliwa na sisi. Ukiwa mpiga kura na unaishi humu, unaweza kugombea. Mwaka huu mlitumiwa barua ya kuwaita wagombea."

Marisela akakumbuka. Barua ile aliitupa pamoja na matangazo ya piza.

"Hakuna aliyegombea," Bi Nadine akaendelea. "Viti viwili viko wazi. Tumebaki watatu."

"Tumebaki? Wewe na nani?"

"Mimi, kijana mmoja wa kule kona, na Harlan. Kwa hiyo mwizi mmojawapo wa kodi zako ndiye huyu hapa, ameshika mkasi."

Uso wa Marisela ukawaka moto. "Yarabi! Bi Nadine, sikujua!"

"Najua hukujua. Mimi ngozi yangu ngumu. Lakini Harlan imemuuma. Yule bwana analipwa posho ya kununulia kahawa tu, na mwaka jana alizibua bomba la bustani kwa mikono yake. Jumanne tulikuwa na mkutano. Fundi yuko tayari, pampu ipo, fedha ipo. Ilibaki kura tu. Harlan hakuja. Amesema haji tena."

"Si mngepiga kura nyinyi wawili?"

"Haturuhusiwi. Bodi ya watano lazima wahudhurie watatu. Hiyo ndiyo akidi. Isipotimia, hata mswaki hatuwezi kununua. Na ni vizuri hivyo. Je, ungependa watu wawili waamue mambo ya kodi yako jikoni kwao?"

Marisela aliona aibu, aibu ya kweli. Alikuwa anapigania miguu ya baba yake, kumbe ulimi wake mwenyewe ndio uliofunga geti. Akaingia ndani, akafuta aliyoyaandika, akaandika mengine: "Niliwaita watu wezi bila kuuliza. Nimekosea. Naomba radhi." Safari hii waliomuunga mkono walikuwa watatu.

Kisha akafunga burito nne kwenye karatasi, akaenda kugonga mlango wa Harlan Quigley.

Mzee Harlan akafungua nusu. Alikuwa mrefu, mkavu, na masharubu yaliyoning'inia.

"Umefuata nini? Kuona vitu nilivyoiba?"

"Nimekuja kuomba msamaha, Bwana Harlan. Nilikutukana mbele ya mtaa mzima, na nimeshayafuta maneno yangu mbele ya mtaa mzima. Nilikosa adabu."

Harlan akatazama burito. "Na hizo?"

"Za kwako."

"Hee! Kwanza mwizi, sasa unanipa hongo."

"Basi nirudi nazo?"

"Nani kasema urudi nazo?" Akazipokea. Lakini mlango hakuufungua zaidi. "Miaka sita, Marisela. Miaka sita nakaa ukumbini na viti vitupu. Watu nawaona bomba likipasuka tu, tena wanakuja kunitukana. Nimechoka."

Marisela akamweleza habari za baba yake, za hatua nne, na za kile kiti cha magurudumu. Machozi yalimtoka, naye hakuyaficha.

"Njoo mara moja tu," akasema. "Akidi itimie. Na kimoja kati ya vile viti vilivyo wazi, mkinikubali, nitakikalia mimi. Hutakaa na viti vitupu tena."

Harlan akakohoa. Akasema tangazo la mkutano lazima libandikwe siku moja kabla, sheria ni sheria. Akasema pia kwamba geti linahitaji karatasi mpya, ile ya zamani imelowa mvua.

Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, ukumbi wa mtaa ulikuwa na watu arobaini. Harlan alikuja. Akidi ikatimia. Wajumbe wakamteua Marisela, akala kiapo, na kura yake ya kwanza ilikuwa ya pampu. Wanne wote wakainua mikono. Majirani wawili wakaanza kugombea kile kiti cha tano, wakakaribia kukoseana heshima, na Harlan akatabasamu chini ya masharubu.

Bwawa likafunguliwa katikati ya Juni. Mzee Eusebio akateremka ngazi taratibu, akaacha gongo ukingoni. Marisela alisimama upande wa pili na taulo. Hatua moja. Mbili. Katikati ya bwawa mzee akasimama.

"Baba! Vipi?"

"Maji haya baridi mno! Mkutano wenu ni lini? Nataka kulalamika."

"Jumanne ya kwanza ya mwezi, baba."

"Utanipeleka?"

"Sikupeleki. Ukumbi uko nyumba sita tu kutoka kwetu. Utakuja kwa miguu yako."

Mzee akacheka mpaka akanywa maji. Akajifuta uso, akaja moja kwa moja mpaka kwenye ukingo aliposimama bintiye.