Simu ya Stoo

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi wa simu za ofisini tunayemwita Waya, ingawa simu anazotengeneza hazina waya. Si mtu wa kutia chumvi.

Alikwenda kwenye ofisi moja kubadilisha simu zote na mtambo wa ukutani unaoziunganisha. Kabla ya kung'oa mtambo wa zamani, Waya ana kawaida ya kubonyeza kitufe chake cha kutafutia simu. Iliyosahaulika popote italia, na hainyamazi mpaka mtu aipokee.

Zile alizokusanya alikuwa ameshazitoa betri. Akabonyeza. Mlio ukatokea stoo, mwisho wa korido.

"Dada, mbona mmeficha moja?" akamuuliza katibu muhtasi.

Dada hakuinua macho. "Hiyo iache, kaka. Sema imepotea."

Waya akaona hapa kuna mchezo. Akaomba ufunguo, dada akausukuma mezani kwa ncha ya kalamu.

Alipokuwa anahangaika na kufuli, mlio ukakatika.

Ndani giza totoro, taa imeungua, hakuna dirisha wala mlango mwingine. "Nani humo? Toka bwana, nimeshakusikia!"

Akamulika kwa tochi: viti vibovu, mafaili, na simu juu ya rafu. Akaigeuza. Haikuwa na betri. Mahali pake buibui alishatanda utando.

Kwa mazoea tu, akaiweka sikioni. Ilikuwa na joto la shavu la mtu, na vitundu vya kusemea vilikuwa bado vimelowa pumzi.