Neno la Siri Kwenye Mstari wa Tatu

Kila asubuhi mama Rhobi hufungua lango la zizi na kuwataja ng'ombe wake wakipita. Hawahesabu. Anasema ukimhesabu ng'ombe ni kama unamuaga. Anawataja majina tu: Paji, Kijivu, Mkiamfupi, mpaka wa mwisho, na wote ni tisa. Kisha anachukua fimbo na kuwapeleka malishoni kando ya mto. Mume wake alishafariki, na ng'ombe hao ndio alioachiwa.

Mwanaye Erasto anaishi naye hapo Machochwe, pamoja na mkewe Mokami. Erasto haendi malishoni. Yeye ni fundi wa kompyuta wa ushirika wa wafugaji, na mama yake huwaambia majirani kwamba kijana wake anachunga ng'ombe akiwa amekaa kwenye kiti.

Maneno hayo si utani mtupu. Kila ng'ombe wa mwanachama ana hereni sikioni yenye namba. Namba hiyo na jina la mwenye ng'ombe vimeandikwa kwenye daftari la ushirika. Daftari lenyewe si la karatasi. Limo ndani ya seva, yaani kompyuta inayokaa kituoni ikiwaka muda wote ili kutunza habari. Ushirika una vituo vitano, kimoja Machochwe, kimoja Busawe, na vitatu mbali zaidi. Mtu akiuza ng'ombe, karani wa kituo hubadilisha jina kwenye seva na kuchapa hati ya mauzo. Gari la ng'ombe lisilo na hati hiyo halipiti kizuizi.

Zamani Erasto alivizungukia vituo vyote kwa pikipiki, akala vumbi siku mbili kila juma. Baadaye akajifunza PowerShell. Hiyo ni programu ya kuipa kompyuta amri kwa kuziandika. Aliandika amri zake zote katika faili moja, na faili la namna hiyo huitwa skripti. Kila asubuhi anaiendesha akiwa ofisini Machochwe. Skripti inaingia kwenye seva zote tano na kukusanya habari za ndama waliozaliwa na ng'ombe waliouzwa. Kazi ya siku mbili ikawa ya dakika nne. Mafundi wa kompyuta ni watu wavivu sana, ila uvivu wao huitwa akili.

Lakini kuna uvivu mwingine usio na akili yoyote. Seva haimfungulii mtu bila jina na neno la siri. Erasto alichoka kuliandika kila siku. Akaliweka ndani ya skripti yenyewe, kwenye mstari wa tatu, herufi zote zikionekana. Tena halikuwa neno la akaunti yake. Lilikuwa la msimamizi mkuu, akaunti inayoruhusiwa kufanya kila kitu kwenye seva zote.

Mwezi wa sita alikuja Mogesi. Mogesi ana kibanda cha kutengeneza kompyuta Mugumu, na ni mtu wa rika la Erasto. Walipita jando msimu mmoja. Kwa Wakurya, mtu wa rika lako ni zaidi ya jirani. Akija kwako anakula bila kukaribishwa. Ukimnyima kitu ulicho nacho, habari hiyo itakutangulia kila unakokwenda.

Mogesi alitaka kuiona ile skripti, ajifunze naye. Erasto akachukua flashi. Hapo alikumbuka mstari wa tatu, na mkono ukasita. Angeweza kulifuta neno lile kwa sekunde moja. Lakini Mogesi alikuwa amekaa pembeni yake, macho kwenye kioo. Kufuta mbele yake ingekuwa kama kumwambia, wewe ni mwizi. Erasto aliona aibu. Akanakili faili lilivyo na kumpa, wakaenda kunywa chai.

Ikapita miezi miwili. Jumanne moja, saa tatu asubuhi, Erasto aliendesha skripti kama kawaida. Seva ya Busawe ikaleta habari kwamba jana yake ng'ombe kumi na mmoja walikuwa wameuzwa. Kumi na mmoja ni wengi kwa siku isiyo ya mnada. Akasoma namba za hereni. Tatu za mwisho alizijua vizuri, kwa kuwa alizifunga mwenyewe. Zilikuwa za Paji, Kijivu na Mkiamfupi.

Jina la mama yake lilikuwa limeondolewa, na mahali pake palikuwa na jina la mtu asiyemjua. Hati ya mauzo ilionyesha safari ya kwenda Sirari, mpakani, Jumanne hiyohiyo. Ng'ombe walikuwa hai, wanakula majani kando ya mto, lakini kwenye daftari walishauzwa. Wezi wa siku hizi wanaanza na karatasi, ng'ombe wanawafuata baadaye.

Akatazama jina la aliyeandika mauzo hayo. Ilikuwa akaunti ya msimamizi mkuu. Na ushirika mzima ulijua ni nani anayeitumia akaunti ile.

Kwanza alimwogopea mama yake, aliyekuwa peke yake mtoni na fimbo. Halafu hofu ya pili ikaja, nayo ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu aliionea haya. Huku kwetu mtu akishukiwa kuiba ng'ombe haulizwi mara mbili. Yowe likipigwa, watu hutoka na chochote kilicho karibu na mkono.

Akampigia Mokami simu. Akamwambia awachukue majirani, waende mtoni wawarudishe ng'ombe na mama. Mokami aliuliza kuna nini. Erasto akamweleza kwa sauti ndogo, hadi mstari wa tatu.

Mokami akasema, "Na wakijua akaunti ni yako?"

"Ndicho ninachokiogopa."

"Basi futa hiyo skripti, mume wangu. Futa na hizo habari za Busawe. Uwarudishie watu majina yao, nani atajua?"

Alisema hivyo kwa kumpenda, wala tusimlaumu. Erasto aliweka kidole kwenye kitufe cha kufuta. Mwishowe akakiondoa, akampigia Winfrida.

Winfrida ni fundi wa mitandao wa Mugumu, mzaliwa wa Busawe, na ndiye aliyemfundisha Erasto PowerShell. Ni mama wa maneno machache. Alisikiliza mpaka mwisho, hadi flashi aliyopewa Mogesi, bila kumkatiza.

"Usifute kitu," alisema. "Seva huandika kila anayeingia, saa ngapi, na kutoka kompyuta gani. Ukifuta, unafuta ushahidi wako mwenyewe. Sasa badilisha neno la siri la msimamizi kwenye seva zote, halafu mwite mwenyekiti umwambie kabla hajaambiwa. Nakuja."

Kubadilisha neno la siri kwenye vituo vitano kungemchukua siku mbili kwa pikipiki. Erasto aliandika amri iitwayo Invoke-Command, ambayo hutuma kazi moja kwenye seva nyingi za mbali kwa pamoja. Dakika sita baadaye neno la zamani halikufungua mlango wowote. Akazisimamisha pia zile hati kumi na moja, bila kuzifuta, kisha akamweleza mwenyekiti, mzee Method, kwa simu kwamba kuna mauzo ya uongo, naye akawapigia askari wa kizuizi kuwapa namba za hati hizo.

Mzee Method alikuja na wazee wanne, na nyuma yao vijana kama ishirini. Habari ilishatoka. Erasto aliwaamkia wazee shikamoo, na wawili kati yao hawakuitika. Mlangoni kijana mmoja alikuwa ameshika rungu. Hakuliinua, lakini hakuliweka chini pia.

Mzee Method akauliza akaunti ni ya nani. Erasto akajibu kwamba huitumia yeye. Akauliza neno la siri analijua nani. Kumtaja mtu wa rika lake mbele ya watu wenye rungu ilikuwa kumtupa shimoni. Kutomtaja ilikuwa kuingia shimoni mwenyewe. Akasema tu kwamba aliliandika mahali pasipofaa, na kwamba kosa ni lake.

"Mahali gani?" kijana wa rungu akauliza.

Pikipiki ikasimama nje. Winfrida aliingia, na nyuma yake Mogesi, uso umempauka. Winfrida alikuwa amempitia kibandani kwake kumuuliza ile flashi iko wapi. Mogesi aliposikia rafiki yake yuko katikati ya watu, aliacha kibanda wazi akapanda pikipiki.

"Wazee, shikamooni," Mogesi alisema. "Alinipa mimi. Nikaiweka kwenye kundi letu la mafundi la WhatsApp, wenzangu nao wajifunze. Sikuusoma mstari wa tatu. Kundi lile lina watu mia mbili, na nusu yao siwajui."

Winfrida aliketi kwenye kompyuta, akafungua kumbukumbu za seva ya Busawe na kumwita mzee Method asome mwenyewe. Aliyeandika mauzo aliingia jana saa mbili na dakika kumi asubuhi, kutoka kompyuta ambayo si ya ushirika. Mzee Method aliinua macho. Jana saa mbili Erasto alikuwa kwenye josho la Machochwe, akisoma namba za hereni, na mzee mwenyewe alikuwa amesimama karibu naye. Kijana wa rungu akaliegemeza ukutani.

Mchana huo simu ya kizuizi ikalia. Lori lilikuwa limesimamishwa. Lilikuwa na ng'ombe wawili wa jirani mmoja wa Busawe, na hati zilizokwisha kusimamishwa. Askari wakawashika waliokuwa ndani. Wale tisa waliobaki kati ya kumi na mmoja hawakuwa wameguswa. Ng'ombe wa mama Rhobi walikuwa zizini, wanalalamika kwa kurudishwa mapema.

Wazee walipoondoka, Erasto alikaa chini sakafuni. Winfrida alimwacha apumue, kisha akaanza kumfundisha, na Mogesi naye akisikiliza.

"Skripti ni kama njia ya kwenda nyumbani kwako," alisema. "Watu waijue, hakuna ubaya. Neno la siri ni ufunguo. Wewe ulitundika ufunguo njiani."

Akaufuta mstari wa tatu na kuandika mahali pake amri nyingine, Get-Credential. Amri hiyo humwuliza anayeendesha skripti jina lake na neno lake la siri wakati uleule. Neno haliandikwi ndani ya faili.

Erasto akauliza itakuwaje siku akitaka kazi ijiendeshe yenyewe alfajiri, wakati hakuna mtu wa kujibu. Winfrida akamwonyesha namna ya kulihifadhi neno la siri katika faili la pekee, kwa amri ya Export-Clixml. Kwenye Windows faili hilo hufungwa kwa akaunti yako na kompyuta yako. Akalinakili kwenye flashi, akalipeleka kwenye kompyuta nyingine ya ofisi, akamwambia Mogesi alifungue. Mogesi alijaribu mara tatu akashindwa.

"Lakini mimi nikiwa na kompyuta hii ya Erasto, na nikaingia kwa akaunti yake, nitaweza?" Mogesi akauliza.

"Utaweza. Kwa hiyo afunge ofisi, na asiache kompyuta wazi akienda kunywa chai." Akamgeukia Erasto. "Na hiyo akaunti ya msimamizi mkuu, kwa nini unaitumia kusoma tu habari za ndama?"

Erasto akajibu kwamba ndiyo iliyokuwepo. Siku hiyo wakamtengenezea akaunti ya kazi ile peke yake. Inaweza kusoma daftari, haiwezi kubadilisha jina la mtu. Hata ikiibwa, haiuzi ng'ombe. Kila karani naye akapewa akaunti yenye jina lake, ili siku ya matatizo kila mtu ajibu la kwake. Akaunti ya msimamizi ikawekwa kwa kazi nzito tu, na mzee Method huambiwa kila inapotumika.

Jioni mama Rhobi aliwataja ng'ombe wake zizini, akarudia mara mbili. Erasto alimwomba radhi.

"Uliona aibu kumficha Mogesi neno," mama alisema. "Ningeuawa mtoni kwa aibu yako, mura, kijana wangu."

Erasto hakulala vizuri siku nyingi kwa maneno hayo. Lakini tangu hapo seva za ushirika hazijaingiwa na mtu asiyetakiwa. Wanachama waliokuwa wameanza kuondoa ng'ombe wao kwenye daftari wamerudi.

Mwezi wa kumi na moja Mogesi alikuja tena Machochwe. Alikunywa chai, akazungumza habari za mvua, akazunguka sana. Mwishowe akasema kwamba anaihitaji skripti ile iliyorekebishwa, na kwamba akinyimwa ataelewa.

Erasto alichukua flashi. Safari hii mkono haukusita. Alinakili faili mbele yake na kumkabidhi. Mogesi hakungoja kufika kwake. Alifungua kompyuta yake palepale mezani na kuiendesha.

Kisanduku kidogo kikajitokeza kwenye kioo, kinasubiri. Mogesi alikitazama.

"Inaniuliza mimi ni nani," alisema.

"Ndiyo," Erasto akamjibu, huku akimwongezea chai. "Na mimi huniuliza hivyohivyo kila asubuhi."