Wanyama Wengine Nyumbani

Nilitoka kuchukua kuni. Ndivyo ilivyoanza, na mpaka leo naona uchungu kwamba ilianza na kitu kidogo namna hiyo.

Ilikuwa Novemba, saa kumi na moja kasorobo, na kwetu Wisconsin, kaskazini mwa Marekani, saa hizo jua limeshazama. Theluji ya kwanza ilikuwa imelala uani. Nikarudi na kuni kifuani, nikamkuta mbwa wetu, Bamse, ameketi ndani akiukodolea macho mlango wa jikoni. Mkia hautikisiki. Nikamsukuma kwa goti, nikafunga mlango, nikashusha mzigo.

Mlango ukagongwa.

Nilikuwa nimepita hapo sasa hivi. Uani hapakuwa na mtu. Na sauti yenyewe haikutoka mahali watu wanapogonga... ilitoka chini, usawa wa goti langu. Ngo. Ngo. Ngo.

Nikafungua. Alikuwa Bi Verna Sletten, bibi wa miaka themanini hivi, mrefu, koti la kiume, buti za mpira. Yeye ndiye mfugaji aliyetuuzia Bamse mwezi wa nne. Alisimama wima, mikono mfukoni.

"Nimekuja kumwona mtoto," akasema kwa sauti ya chini.

Kwetu mgeni akifika mlango wa jikoni haulizwi sababu. Unamwekea kahawa na kipande cha keki, hata kama humpendi, hata kama una haraka zako. Ukimfungia nje utasemwa kanisani mpaka Pasaka. Nikamkaribisha.

Aliingia na harufu. Manyoya yaliyolowa, mafuta ya taa, na chini yake kitu kingine... udongo mbichi, wa shimo lililochimbwa leo. Ardhi yetu ilikuwa imeganda wiki nzima.

Kahawa hakuigusa. Alipiga goti mbele ya Bamse, akampapasa mbavu moja baada ya nyingine, akamfunua mdomo na kutazama ufizi, akamwinua miguu mmoja mmoja. Bamse hubweka hata jani likianguka. Jioni ile alitulia kama anayepimwa nguo na fundi.

"Kucha ndefu," akanong'ona.

Kisha akageuka kumtazama mume wangu, Orlin, aliyekuwa amesinzia kitini karibu na jiko. Akamtazama muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Nitarudi."

"Karibu wakati wowote," nikasema. Ni mazoea ya mdomo tu, kila mtu kwetu husema hivyo akimsindikiza mgeni.

Sikusikia gari likiwaka. Nikatoka na tochi. Theluji ya kizingitini ilikuwa imekanyagwakanyagwa na nyayo za mbwa, mbwa kumi labda, zikielekea shambani kwenye mabua ya mahindi. Alama ya buti sikuona hata moja.

Niseme kwa nini tulinunua mbwa, maana dada yangu Lavonne bado ananisimanga. Orlin aliendesha lori la maziwa miaka arobaini. Akili ilipoanza kumtoka, jioni ikifika anavaa kofia na kwenda kukusanya maziwa kwenye mashamba ambayo mengine hayana ng'ombe tena. Januari iliyopita walimwokota barabarani akiwa na soksi tupu, na vidole viwili vya mguu vikakatwa. Daktari akaniambia kwamba mara ya pili hatapona. Ndipo nikasikia habari za mbwa hawa wa kijivu, ambao babu zetu walikuja nao kutoka Norwei. Wanamshika mtu mkono wa shati bila kumuuma, na kumrudisha nyumbani. Ni kweli. Tangu Juni, Bamse alikuwa akimrudisha Orlin kutoka getini kila jioni. Mbwa huyu si pambo. Bila yeye, mume wangu atakufa kwenye theluji.

Bi Verna alikuwa na mkataba wa kurasa nne. Nilifanya kama wafanyavyo wote. Nikaangalia chanjo. Nikaangalia cheti cha nyonga, kwa sababu mbwa hawa husumbuliwa na nyonga. Nikaangalia kama nitapewa mwingine huyu akifa kabla ya mwaka. Yote yalikuwa sawa. Ukurasa wa nne sikuusoma, kwa kuwa mtoto wa mbwa alikuwa amelala juu ya viatu vyangu. Wafugaji ni wajanja, kalamu hukupa ukishampakata mtoto.

Halafu ile fomu. Palikuwa na nafasi iliyoandikwa, Wanyama wengine nyumbani. Nikaandika: Mmoja. Orlin. Dume, miaka 71. Anakula sana, hasikii akiitwa, hupotea jioni.

Ndivyo tulivyo watu wa huku. Kulia mbele za watu hatuwezi, basi tunatania. Orlin mwenyewe, siku hiyo akili ilikuwa imetulia, alicheka mpaka akafuta machozi. Bi Verna hakucheka. Aliusoma mstari ule mara mbili, akaupigia muhuri.

Kesho ya ule ugeni nilimpelekea wakili Bakken mkataba, anitafutie njia ya kumzuia bibi yule asinijie bila taarifa. Bakken akanitazama juu ya miwani.

"Bi Ardis, Verna tulimzika Septemba. Jeneza nililibeba mimi."

Shamba lake liko mbali na kwetu, habari za msiba hazikunifikia. Nikasema basi kuna mtu anajifanya yeye. Akakubali haraka mno, kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Lakini akafungua ukurasa wa nne, akaanza kusoma, na nikaona tabasamu linamtoka. Kifungu cha tisa kilisema mfugaji anaweza kuja kumkagua mbwa wakati wowote. Cha kumi kilisema ukaguzi huo unawahusu wanyama wote walioandikwa kwenye fomu. Cha kumi na moja: siku mnunuzi atakapotamka kwamba hawezi tena, mbwa na wanyama wote walioandikwa watarudi kwa mfugaji jioni hiyo hiyo. Cha kumi na mbili kilikuwa kifupi. Kifo cha mfugaji hakivunji mkataba huu.

"Ulisoma kabla ya kutia saini?" akauliza.

Nilitamani kumtupia kiti. Kila niliyemweleza jambo hili aliniuliza hilo hilo kwanza. Mchungaji aliuliza. Lavonne aliuliza kwenye simu kutoka Arizona, huku nasikia barafu ikigonga glasi yake. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama nimelala usiku uliopita.

Bakken akasema hiyo ni karatasi ya kuwashia moto, hakuna hakimu atakayeruhusu mume wa mtu achukuliwe kama mbuzi. Akacheka. Kisha akanirudishia mkataba kwa ncha za vidole, akaenda kunawa mikono.

Nikamsikiliza. Nikautia jikoni kwenye moto, nikasimama hapo mpaka ukawa majivu. Asubuhi nilifungua droo ya vijiko. Ulikuwa humo, umekunjwa vizuri, unanuka mafuta ya taa.

Nikampigia simu mpwa wa Bi Verna aliyerithi shamba, nikauliza tu kama kule mabandani bado kuna mbwa. Akasema hakuna, waliuzwa wote, ila kila jioni anakuta maji ya mabakuli yamebadilishwa. Nilimsikia akipumua.

"Amekuja na kwako?" akanong'ona. Kabla sijajibu, akakata.

Wiki ikapita. Bamse nilishamkata kucha, nilishamchana manyoya, nilishampima uzito. Saa kumi na moja kasorobo mlango ukagongwa, pale pale chini. Safari hii sikufungua. Niliegemea mlango kwa mgongo, nikajisemea, kahawa ya nani leo, wewe bibi.

Hakugonga tena.

Halafu harufu ikaja. Haikutoka nje. Ilitoka nyuma ya meza.

Alikuwa amepiga goti mbele ya kiti cha Orlin. Alimpapasa mbavu juu ya shati, moja, moja, moja. Akamwinua mdomo wa juu kwa kidole gumba, akatazama ufizi. Orlin akampa mkono mwenyewe, kiganja chini, anatabasamu kama mtoto mwenye adabu.

"Amekonda," akasema. "Kucha ndefu."

Nilimwambia atoke nyumbani kwangu. Sauti yangu haikufika popote.

"Ulisema wakati wowote," akajibu, bila ukali.

Desemba yote niliishi kwa hasira. Nilimlisha Orlin viazi na siagi mpaka akawa ananikimbia. Nilimnyoa kila asubuhi, nikamkata kucha akinipiga makofi mikononi. Mimi ndiye ninayemwosha. Mimi ndiye ninayeamka mara nne akitafuta funguo za lori lililouzwa zamani. Sasa maiti inakuja kunikagua kazi ambayo walio hai hawataki hata kuiona. Na Lavonne kila Jumapili ananiambia, "Huwezi peke yako, Ardis. Mpeleke kwenye nyumba ya wazee." Nyumba ya wazee yenyewe ina foleni ya miezi minane.

Ikaja jioni ya tarehe kumi na tisa. Nilitoka kidogo kumwaga maji ya moto kwenye bakuli la kuku lililoganda. Niliporudi Orlin alikuwa amemimina maziwa yote ya nyumba kwenye buti zangu, anahakikisha hayana uchafu, maana lori linasubiri. Nikamshika mkono. Hakunijua. Akaniita jina la mtu nisiyemfahamu, akanisukuma, nikaanguka chali na mgongo ukalia. Nikakaa pale sakafuni kwenye maziwa baridi. Yeye akavaa kofia.

"Siwezi tena," nikasema.

Nilisema kwa sauti. Sikumwambia mtu yeyote.

Bamse akainuka.

Kucha zake kwenye sakafu... ka, ka, ka... mpaka mlangoni. Akaketi. Safari hii mlango haukugongwa. Ulifunguka wenyewe, taratibu, baridi ikaingia na ile harufu, na nyuma ya Bi Verna, kwenye giza la uani, nikasikia pumzi. Nyingi. Za wanyama waliotulia wakisubiri mwenzao.

Alishika kamba mbili.

Ya kwanza akamvalisha Bamse. Ya pili akainyoosha kuelekea kwa Orlin. Na Orlin, mume wangu, aliyegoma kuvaa hata skafu tangu tuoane, akavua kofia na kuinamisha shingo.

Nilitambaa. Mgongo ulikuwa unawaka moto, nilitambaa hivyo hivyo, nikamkumbatia mguu, ule uliokatwa vidole.

"Nimechoka tu," nikasema. "Kuchoka si kushindwa."

"Umetamka." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma karatasi.

"Basi natamka tena. Naweza."

Akainama mpaka uso wake ukakaribia wangu. Macho yake hayakuwa na ubaya. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Yalikuwa macho ya mfugaji mzuri, anayewapenda wanyama wake na asiyewaamini wanunuzi.

"Sema nisikie."

"Naweza."

Akangoja. Huko nje pumzi nazo zikangoja. Kisha akamfungua Bamse kamba ya shingo, akampigapiga kichwani, akanyooka.

"Nitakuwa nasikiliza," akasema, akatoka.

Kamba ya pili hakuondoka nayo. Aliitundika kwenye msumari wa makoti, kati ya koti langu na la Orlin. Nimeitupa mara tatu. Bado ipo.

Sasa ni Machi. Bamse ni mzima, anamrudisha Orlin kila jioni, na watu kanisani wanasema Mungu ametusaidia. Mgongo wangu haujapona. Daktari alipouliza naendeleaje nilimjibu vizuri. Lavonne akipiga simu na kuanza lile neno lake la huwezi, naliziba sikio la simu kwa kiganja na kusema juu yake, naweza, naweza, mpaka anakasirika. Anadhani ni kiburi. Wiki iliyopita niligundua kwamba kucha za Orlin zimekatwa vizuri sana, mviringo, kwa mkono ulio imara. Sikuzikata mimi.

Kwa hiyo kila ikifika saa ile, nasimama jikoni, katikati ya sakafu, na kulisema neno langu, kisha naweka chakula mezani. Orlin na Bamse hukaa bega kwa bega wakiutazama mlango.

Jana nilikuwa na homa. Neno likatoka kwa mnong'ono tu. Nikageukia sufuria.

Nyuma yangu Orlin akaniita kwa jina langu. Hakuwa ameniita kwa jina tangu Oktoba. Nilipomtazama, macho yake yalikuwa safi, ya yule mwanamume wa lori la maziwa, na alikuwa ameogopa.

"Kwa sauti, Ardis," akanong'ona. "Hajasikia."