Kazi Aliyoificha Pasi

Serikali ilipanga kupunguza wafuaji wa hospitali, na wafuaji wenyewe wakaisaidia kuwapunguza. Hawakujua. Walidhani wanajiokoa.

Walikuwa wanne katika chumba cha nyuma ya wodi, chumba chenye mvuke na harufu ya sabuni. Mlangoni, kwenye meza ndefu ya bati, alisimama Shangazi. Kila shuka chafu lilipita kwake kwanza. Alivaa glavu nene, akalishika ncha, akalikunjua polepole huku macho yake yakitembea juu yake. Alitafuta sindano, nyembe na vipande vya chupa za dawa. Akiona kitu, alikitoa kwa koleo, akakitia kwenye boksi gumu la takataka zenye ncha.

Shuka likitoka kwake lilikwenda kwa Kimya, mtu wa mashine. Jina hilo alipewa kwa sababu angeweza kufua siku nzima asiseme neno. Mama Kamba alianika. Mwisho wa safari alikuwa Pasi, mpiga pasi. Pasi alikuwa mtoto wa kaka yake Shangazi, na Shangazi ndiye aliyemlea. Ndiye pia aliyemfundisha kushika pasi, baada ya shule kumshinda. Sasa aliishi kwa Pasi, pamoja na mke wa Pasi na watoto wao.

Magoti ya Shangazi yalikuwa yamechoka. Kustaafu hakukuwa mbali.

"Sitaki kutolewa," alizoea kusema. "Nataka siku yangu ifike, nivue aproni mwenyewe, niwaage, nitoke kwa miguu yangu."

"Miguu ipi?" Pasi alimtania. "Hii inayolia kama mlango mbovu?"

"Hiyo hiyo, baba. Ndiyo iliyokubeba wewe."

Kisha habari zikaja. Serikali ina mpango mpya wa huduma za umma. Kila kazi hospitalini itapimwa. Mpimaji atakuja kukaa na wafuaji siku tatu, aone kazi inahitaji watu wangapi.

Pasi akawakusanya wenzake karibu na mashine.

"Hawa wanakuja kutafuta wavivu," alisema. "Tuwaonyeshe moto. Tuingie mapema. Chai hakuna. Mpaka aondoke, hakuna kukaa."

Halafu akamvuta Shangazi pembeni. Aliongea akitazama sakafu.

"Shangazi, hizo siku tatu ukae stoo. Akikuona unavyokunjua shuka mojamoja, atasema mzee huyu ni mzigo. Sitaki akuandike vibaya."

Shangazi alivua glavu zake. "Na sindano nani atazitoa?"

"Ni siku tatu tu. Tutaangalia wenyewe."

"Haya, baba," alisema. Hakutaka kumtia aibu mtoto wake.

Akakaa stoo siku tatu, juu ya ndoo iliyopinduliwa, katikati ya magunia ya sabuni. Nje, watu watatu walikimbia kama nyumba inaungua. Mpimaji, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, alitazama, akaandika, akashukuru, akaenda zake.

Mwezi uliofuata rasimu ya mpango ikabandikwa ubaoni. Chumba cha kufulia: watu watatu wanatosha. Nafasi ya mezani iondolewe.

Jioni ile nyumbani, Shangazi aliikunja aproni yake vizuri, akaiweka juu ya kabati. Hakulia. Alisema tu kwamba amechoka, akaenda kulala bila kula.

Mke wa Pasi alisubiri mlango ufungwe.

"Baba watoto, umefanya nini?"

"Nilikuwa namlinda."

"Ulimlinda kwa kumficha? Mtu usiyemwona, utajuaje kama yupo?"

Pasi aliitazama aproni juu ya kabati.

Asubuhi alimfuata Dereva. Dereva aliendesha gari la wagonjwa, na ndiye aliyekuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi pale hospitalini. Alikuwa akifuta vioo.

"Kaka, serikali imetuonea," Pasi alianza. "Tugome leo leo!"

"Ngoja kwanza. Mpimaji alipokuja, mlifanya kazi kama siku zote?"

Pasi akamweleza. Kukimbia, chai, stoo, ndoo. Dereva aliacha kufuta.

"Ulimweka Shangazi stoo? Pamoja na sabuni?"

"Nilidhani..."

"Ndugu yangu, serikali imehesabu ulichoionyesha. Umeionyesha watu watatu wanafanya kazi ya wanne, nayo imekuamini. Ungeuza kuku watatu, ungedai bei ya wanne?"

Pasi hakucheka. Dereva akafungua mlango wa gari, wakakaa kwenye ngazi yake.

"Sikiliza. Chama hakipingi kila mpango wa serikali. Ndani ya huu kuna mashine mpya ya kufulia. Tunaitaka. Kuna glavu. Tunazitaka. Tunachokataa ni kupunguza watu kabla ya kuijua kazi wanayoifanya. Na tunataka wafanyakazi waulizwe kabla mpango haujapitishwa."

"Si umeshabandikwa?"

"Iliyobandikwa ni rasimu. Maana yake bado inapokea maoni. Ukinuna nyumbani, hayo si maoni. Ukimtukana mpimaji, hayo nayo si maoni. Tunakutana, tunakubaliana, chama kinaomba kazi ipimwe upya. Siku hiyo mfanye kila hatua kama inavyotakiwa, kwa mwendo wenu wa kila siku. Mtu akipumzika, apumzike mbele yake."

"Na wakikataa?"

"Tutaendelea kuongea nao. Mgomo upo, lakini hatuanzii huko. Nani mwingine anajua kilichotokea siku zile?"

Pasi alikwenda kuwaita wenzake. Mama Kamba hakuwepo. Alikuwa ameiona rasimu, akaamini mambo yamekwisha, akaandika barua ya kuacha kazi na kurudi kwao. Alikuja Kimya peke yake. Alisimama mbele ya Dereva, akasugua kidole gumba.

"Mimi nilichomwa," alisema.

"Na nini?" Pasi alishtuka.

"Sindano. Ilikuwa ndani ya shuka, siku ya pili. Nilinyamaza, nisiharibu mambo. Shangazi aliona damu jioni ile. Akaniosha kidole kwa maji na sabuni, akanikokota mpaka kwa daktari. Nikapewa dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI. Alinitunzia siri kwa sababu nilimwomba."

Dereva alimshika bega. "Alikuokoa. Dawa hizo zinataka zianzwe upesi, ndani ya saa chache. Mtu akichomwa, aseme hapo hapo. Hakuna kazi inayostahili kufichiwa sindano."

Chama kiliiandikia Wizara ya Afya. Wizara ilikawia, ikajibu, na mpimaji yule yule akarudi.

Pasi alisimama mbele yake, mikono nyuma kama mwanafunzi.

"Dada, mara ya kwanza tulikudanganya. Huyu hapa ni shangazi yangu. Mimi ndiye niliyemficha."

Mpimaji alimtazama Shangazi, akamwamkia. "Shikamoo, mama. Mimi nilipima nilichoonyeshwa. Leo nionyeshe wewe."

"Marahaba, mwanangu. Vaa glavu. Usiguse ninachotoa."

Shangazi alishika ncha ya shuka la kwanza, akalikunjua. Magoti yalilia, yakasikika. Hakuna aliyejaribu kuyaficha. Saa ya chai ilipofika walikaa wote wakanywa, na mpimaji akaandika hilo pia. Kufikia mchana boksi lilikuwa na sindano mbili, na pembeni kulikuwa na kijiko kimoja na soksi ya mtoto mchanga.

"Hii soksi?" mpimaji aliuliza.

"Inarudi wodi ya wazazi," Shangazi alisema. "Mama mtu anaitafuta."

Mpango ulipopitishwa, meza ilikuwa ndani yake. Ukaguzi wa mashuka uliandikwa kuwa hatua ya lazima, na nafasi ya mtu wake ikabaki. Mashine mpya ilikuja. Siku ya kustaafu ilipofika, Shangazi alivua aproni mwenyewe, akawaaga mmoja mmoja, akamwachia Pasi glavu. Pasi alimshika mkono, akamkataza asibebe kitu.

"Niache nitembee, baba," alisema. Akatoka kwa miguu yake.

Haraka yao iligharimu hivi. Kimya alimeza dawa mwezi mzima akitapika, na akangoja miezi mingine kabla ya kuambiwa yu salama. Mama Kamba hakurudi, na nafasi yake haikujazwa, kwa hiyo kuanika waligawana Kimya na Pasi. Na Shangazi, aliyefanya kazi mlangoni miaka yote ile mbele za watu, alikaa siku tatu gizani juu ya ndoo.