Shangazi wa Kiseke

Sebuleni walikuwamo watu watatu: Mwaija, kaka yake Khalidi na mama yao, Bi Safia. Mezani palikuwa na vikombe vitatu. Lakini Mwaija hakupata chai.

"Hicho cha shangazi yenu," mama alisema, akakisogeza mbele ya kiti kitupu.

Mwaija akacheka. Marehemu baba yao hakuwa na dada. Shangazi pekee, Zubeda, Mwaija alimbuni mwenyewe huko Kanada, alikokaa miaka kumi na moja kabla ya kurudi nyumbani. Alianza na mashairi, akapata wasomaji watatu, mmoja wao mwenye nyumba, aliyedhani ni ombi la kupunguziwa kodi. Kisha akaandika riwaya ya jini wa ziwani aliyeingia nyumba moja ya Kiseke, mtaa wao, akajifanya shangazi Zubeda. Hiyo ndiyo iliyompa tuzo, safari na jina.

"Khalidi, mnanitania?"

"Punguza sauti," Khalidi alinong'ona. "Amelala."

Mwaija akafungua chumba chake cha usichana. Shuka lilikuwa limelowa, linanuka tope na dagaa wabichi, na katikati godoro limebonyea. Picha zake zote ukutani zilikuwa maji matupu nyuma ya kioo.

Alimkimbilia Shehe Suhaib, jirani yao, akamweleza habari ya kitabu. Shehe alifika mlangoni, akanusa, wala hakuwasha ubani.

"Kitabuni wewe umejiweka wapi?"

"Mimi? Sikujiweka. Nimemweka mama, Khalidi na shangazi."

"Astaghfirullah! Binti, umejenga nyumba ya kwenu ukasahau kujipa chumba, mwenzio kakichukua. Jiandike humo kabla ya magharibi. Mama yako akishakusahau, mimi sina kisomo cha kumrudisha."

Mwaija akaketi barazani na daftari, akaandika jina lake, karatasi ikalowa na wino ukatiririka, akaliandika tena, na tena, akikandamiza kalamu mpaka ikatoboa, huku nyuma yake miguu yenye maji ikiburuzwa sakafuni, chwa, chwa, ikitoka chumbani, ikipita ukumbini, ikifika sebuleni, mpaka kile kiti kitupu kikatoa mlio kwa uzito wa mtu.

Adhana ya magharibi ikaanza.

"Khalidi," mama aliuliza ndani, "yule mwanamke barazani ni nani?"

Khalidi akachungulia dirishani, akamtazama Mwaija usoni, akainua mabega.

Kutoka kwenye kile kiti ikajibu sauti ya Mwaija mwenyewe, ile ya kabla hajasafiri:

"Mwandishi tu, mama. Anaandika habari zetu. Mpeni maji aende."