Mbweha wa Oktoba

Haya yalimpata rafiki yangu Terenti, huku kwetu Siberia. Alinasa mbweha Oktoba, manyoya hayajakomaa. Alipomchuna, ngozi ilikuwa buluu kwa ndani, dalili ya ngozi changa; iliyokomaa huwa nyeupe. Kisu kikateleza, kikaacha tundu la kupita kidole. Kwa aibu akaitundika nyuma ya mlango wa kibanda.

Desemba akaikuta nyeupe kwa ndani, manyoya mazito. Akamshuku shemeji yake Yefim, anayewinda naye.

“Shemeji, umenibadilishia ngozi?”

“Nikupe nzuri yangu nichukue takataka yako? Tundu lako si hili hapa? Tia kidole.”

Kwenye ngozi ukasikika mchakacho mdogo wa manyoya yakisuguana. Terenti akatia kidole. Hakikupita. Kingo za tundu zilikuwa na uvuguvugu, zimeanza kufunga kovu.